Leza kwenye fizi: je, inafaa kuilipia?

Wiki kadhaa zimepita bila mimi kuandika kitu hapa, na wale mlioniuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni hapana. Nilikuwa nasoma. Leo tunaweka kando habari za programu na simu, tunaingia mdomoni. Najua wengine mtasema huyu jamaa amepotea njia, lakini vumilieni kidogo. Teknolojia ni ileile tunayoipenda, ila safari hii inapitia kwenye uzi mwembamba wa kioo unaoingizwa chini ya ufizi wa mtu.

Swali la leo ni hili: ukienda kutibiwa ugonjwa wa fizi bila upasuaji, na kliniki ikakwambia kwamba ukiongeza pesa watatumia pia leza, nyongeza hiyo inakununulia nini hasa? Jibu langu fupi ni kwamba kazi karibu yote inafanywa na usafishaji wa kawaida, na leza haijaonyesha kuwa inaongeza kitu cha kukufanya ukakope. Jibu refu ndilo lifuatalo. Na kabla hatujaanza, mimi si daktari. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na mazoea ya kusoma maelezo madogo yaliyo chini ya ukurasa.

UGONJWA WENYEWE

Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini wa bakteria, ule tunaouita ukoga. Usipoondolewa, hunyonya madini yaliyo kwenye mate na kugandamana, ukawa mgumu kama saruji. Hapo mswaki hauna la kufanya tena. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, na unatoa damu ukipiga mswaki. Mpaka hapa mambo bado yanaweza kurudi sawa kabisa.

Kwa watu wengine hayaishii hapo. Mwili, katika kupigana na bakteria hao, unaanza kuharibu nyuzi zinazolishika jino na mfupa ulio pembeni yake. Ufizi unaachana na jino na kunabaki kifuko. Mswaki haufiki ndani ya kifuko, kwa hiyo ukoga unaongezeka, kifuko kinazidi kwenda chini, na mwisho jino linaanza kucheza. Sigara na kisukari husukuma mambo haya yaende mbio zaidi. Kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi hakuna maumivu, kwa hiyo mtu anakuja kushtuka baada ya miaka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana hali kali ya ugonjwa huu.

Sasa hapa ndipo mtu wa kompyuta anapoamka. Daktari hupima kina cha nafasi iliyo kati ya ufizi na jino kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kila jino hupimwa sehemu 6. Mtu mwenye meno 28 anatoka pale na namba 168! Kwa kawaida milimita 1 hadi 3 haina shida. Kuanzia 4 kwenda mbele, hasa sehemu ikiwa inatoa damu, ni kifuko cha kushughulikiwa. Kuanzia 6 ni kirefu. Pamoja na picha za eksirei, jedwali hilo la namba ndilo linalosema umeumwa kiasi gani, na ndilo litakalosema baadaye kama umepona. Likumbukeni jedwali hilo, tutalirudia.

TIBA BILA UPASUAJI

Tiba ina hatua. Ya kwanza ni yako mwenyewe: kufundishwa kupiga mswaki vizuri, kusafisha katikati ya meno, kuacha sigara, kuidhibiti sukari kama unayo. Ya pili ni ya daktari. Anakudunga sindano ya ganzi, kisha anaingia chini ya ufizi na vyuma vya kukwangua au na mashine ya mtetemo inayonyunyizia maji, anaondoa ukoga laini na mgumu kutoka kwenye mizizi. Halafu mnasubiri. Baada ya miezi mitatu hivi mnapima upya namba zote. Sehemu zilizokataa kupona zinasafishwa tena, na zile sugu kabisa ndizo zinazoweza kuhitaji upasuaji. Baada ya hapo ni kurudi kliniki kwa ratiba, kila baada ya miezi kadhaa, maisha yako yote.

Kazi hii ya kukwangua haina mvuto hata kidogo. Ni jasho la mkono, na inachukua muda. Lakini angalia matokeo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020, ulioandaliwa kwa ajili ya mwongozo wa Ulaya wa kutibu ugonjwa huu, ulikuta kwamba miezi 6 hadi 8 baada ya usafishaji, kina cha vifuko kilikuwa kimepungua kwa wastani wa milimita 1.7, na karibu vifuko 74 katika kila 100 vilikuwa vimefunga. Robo tatu! Bila leza, bila upasuaji.

Hiyo ndiyo alama ya kuanzia. Mtu akikuuzia nyongeza, usiilinganishe na hali ya kutofanya chochote. Ilinganishe na hiyo robo tatu.

LEZA SI KITU KIMOJA

Einstein alieleza msingi wa nadharia mwaka 1917. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza huko California, akitumia kijiti cha rubi. Kufikia mwaka 1990 Marekani ilikuwa imeruhusu leza iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za daktari wa meno. Kwa hiyo si kitu kilichoingia jana.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kusema "leza" ni sawa na kusema "programu". Programu ipi? Kinachotofautisha leza moja na nyingine ni urefu wa wimbi la mwanga wake, na urefu huo ndio unaoamua mwanga utanyonywa na nini.

Leza za dayodi, zenye nanometa 810 hadi 980 hivi, na ile inayoitwa Nd:YAG yenye nanometa 1064, hupenda rangi. Himoglobini ya damu na melanini huzinyonya vizuri, maji kidogo sana. Zinafaa kukata ufizi na kuzuia damu, na joto lake linaweza kuua bakteria. Lakini haziondoi ukoga mgumu ulioshika kwenye mzizi. Ukoga huo utaondolewa na mkono au na mashine ya mtetemo, basi. Leza ya dayodi ndiyo utakayokutana nayo kwenye kliniki nyingi, kwa sababu ni ndogo na ndiyo ya bei nafuu zaidi kati ya hizi.

Leza ya erbiamu, Er:YAG, ina nanometa 2940 na inapenda maji. Maji yaliyofungwa ndani ya ukoga mgumu yanageuka mvuke ghafla na kuupasua. Hii kweli inaweza kukwangua mzizi, na kwenye tafiti kadhaa imefanya kazi karibu sawa na vyuma vya mkono.

Halafu kuna njia nyingine ambayo watu huichanganya na hizo. Daktari anaweka rangi maalumu ndani ya kifuko, kwa mfano buluu ya methilini, kisha anamulika mwanga mwekundu wa nguvu ndogo. Mwanga haumchomi mtu. Unaiamsha rangi, nayo rangi inazalisha aina ya oksijeni kali inayoharibu bakteria.

Sikilizeni, mimi napenda vitu hivi. Ukiniambia mwanga wa rangi moja tu unachagua damu na kuacha maji, nitakaa hapo nikusikilize mpaka giza liingie. Kwa hiyo mkiona ninaipunguzia sifa leza, msidhani ni uadui.

MBONA NIMEINGIA HUKU

Ni kwa sababu ya mama. Ana miaka 61, mwalimu mstaafu, anaishi Voi, na ana kisukari tangu 2016. Fizi zake zilikuwa zikitoa damu kwa muda mrefu, naye akawa anasema ni mswaki mgumu. Jino moja la nyuma lilipoanza kucheza akapanda treni akaja Nairobi, tukaenda kliniki moja. Alipimwa vizuri, kila jino sehemu 6, picha zikapigwa. Ana meno 26, kwa hiyo sehemu 156. Kati ya hizo, 64 zilikuwa na kina cha milimita 4 au zaidi.

Tukapewa makadirio mawili ya gharama kwenye karatasi moja. La kwanza ni usafishaji wa kina kwa awamu mbili. La pili ni usafishaji uleule pamoja na leza, na bei yake ilikaribia kuwa maradufu.

Kwetu tuko watoto watatu tunaomchangia mama, na mmoja wetu wakati huo hakuwa na kazi. Nikaweka karatasi ile kwenye kikundi cha familia. Dada yangu mkubwa akajibu kabla sijaweka simu chini: "Kwa mama hatubani pesa." Mwisho wa maneno. Mnajua jinsi mambo haya yalivyo. Ukisema "ngoja kwanza tuangalie" unaonekana umemthamini mama kwa shilingi.

Mama naye alikuwa anaitaka leza. Alikuwa na hofu ya vyuma, na mtu mmoja pale mapokezi alikuwa amemwambia ni njia ya kisasa isiyo na maumivu. Nilipomwambia nataka kusoma kwanza, akanitazama.

"Wewe kazi yako ni mashine. Sasa mimi ndiye unaninyima mashine?"

"Sikunyimi, mama. Nipe siku tatu tu."

"Siku tatu, baba. Jino linacheza."

TAFITI ZINASEMAJE

Nilianza na miongozo mikubwa, kwa sababu utafiti mmoja mmoja unaweza kukupa jibu lolote unalolitafuta.

Mwaka 2015 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu tiba bila upasuaji, uliojengwa juu ya makala 72 za utafiti. Swali lao lilikuwa karibu sawa na langu: ukishasafisha kwa kawaida, ukiongeza kitu kingine, unapata nini zaidi? Waliangalia nyongeza nyingi, zikiwemo dawa za kumeza na dawa za kuwekwa ndani ya kifuko. Kwa jumla nyongeza hizo zilileta mshikamano zaidi wa ufizi na jino kwa milimita 0.2 hadi 0.6. Dawa ya doksisaiklini kwa dozi ndogo ilipendekezwa. Njia ya rangi na mwanga ilipewa pendekezo dhaifu. Lakini leza ya dayodi peke yake, Nd:YAG na erbiamu, zote tatu zikitumiwa kama nyongeza, maoni ya jopo yalikuwa dhidi yake.

Mwaka 2020 ukaja mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia, ule niliotaja juu. Huu ulikwenda mbali zaidi. Ulishauri leza zisitumike kama nyongeza ya usafishaji wa chini ya ufizi, na hata ile njia ya rangi na mwanga isitumike.

Kwa hiyo miongozo miwili ya mabara mawili, miaka mitano kati yake, na kuhusu leza yenyewe inaelekea upande mmoja. Haisemi kwamba leza haifanyi kitu. Inasema ushahidi hauonyeshi faida ya kutosha ukishafanya usafishaji kwa ukamilifu.

Mtauliza, mbona basi kuna makala nyingi zinazosema leza ni nzuri? Zipo, nami nimezisoma baadhi. Tatizo ni jinsi majaribio yenyewe yalivyo. Mengi yana watu wachache. Mengine yanaishia mwezi wa tatu, wakati tunataka kujua hali ikoje mwaka ukiisha. Kila mtafiti ana leza yake, nguvu yake, sekunde zake, idadi yake ya marudio, kwa hiyo ukitaka kuyajumlisha ni kama kujumlisha maembe na matofali. Na kuna yale ambayo nusu ya mdomo inapata leza na nusu nyingine haipati. Kwetu tungesema ni jaribio la A na B. Wazo ni zuri, ila A na B wanaishi kwenye mdomo mmoja, wanatumia mate yaleyale.

SUALA LA KIPIMO

Hapa nawarudisha kwenye lile jedwali la namba 168. Kijiti kile kina alama za milimita, kinashikwa kwa mkono, na kinasukumwa kwenye nyama laini. Ukipima sehemu ileile mara mbili, tofauti ya milimita 1 ni jambo la kawaida. Inategemea ulisukuma kwa nguvu kiasi gani, ulikiinamisha vipi, ufizi ulikuwa umevimba au la.

Sasa chukua faida ya nusu milimita. Kwenye utafiti wenye watu wengi na maelfu ya vipimo, wastani unaweza kuionyesha tofauti hiyo, kwa sababu makosa ya juu na ya chini yanafutana. Lakini kwa mama yangu, kwenye jino lake moja, nusu milimita ni ndogo kuliko kosa la kijiti. Hakuna ambaye angeweza kumwonyesha kwenye karatasi na kusema hii hapa, hii umeletewa na leza.

Wale mnaotengeneza tovuti mnalijua jambo hili. Mteja analalamika tovuti iko polepole, anataka kununua seva yenye nguvu mara mbili. Unafungua, unakuta kuna ombi moja kwenye hifadhidata linalosoma jedwali zima kila mtu anapobonyeza. Ukilirekebisha, ukurasa uliokuwa unachukua sekunde 8 unachukua sekunde 1. Sasa nunua ile seva. Labda utaipunguza ikawa sekunde 0.9. Seva ni nzuri, haina kosa. Ila kazi imeshafanyika kabla haijafika, na pesa ya seva ungeweza kuiweka kwenye kitu kinachovunjika kila mwezi.

Kwenye fizi, kitu kinachovunjika kila mwezi ni utunzaji. Bakteria wakishaondolewa wanarudi. Uwaue kwa chuma, kwa dawa au kwa mwanga, ukoga mpya unaanza kujengeka siku hiyohiyo, na ndani ya wiki na miezi vifuko vinajaa tena kama mtu hasafishi nyumbani na harudi kliniki. Leza ya dakika chache haiwezi kumfanyia mtu kazi ya kila asubuhi na kila usiku.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Tusiwe wakali kupita kiasi. Leza ina kazi zake za maana kwenye meno. Kukata na kurekebisha ufizi bila damu nyingi ni mojawapo. Wapo wagonjwa wanaosema walipata nafuu wakati wa tiba, na kwa mtu mwenye hofu hilo si jambo dogo. Utafiti pia haujafungwa, hasa kwa erbiamu ambayo inaweza kuchukua nafasi ya vyuma badala ya kuongezwa juu yake.

Lakini pia ni mashine ya kuheshimiwa. Ikielekezwa vibaya au ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, joto linaweza kuudhuru mzizi, kiini cha jino au mfupa. Inaweza kuharibu macho, ndiyo maana daktari, msaidizi na mgonjwa wote wanatakiwa kuvaa miwani, tena miwani iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi wa leza ile ile. Miwani ya leza moja haikingi leza nyingine.

TULIVYOAMUA

Siku ya tatu nilimpigia daktari. Niseme wazi kwamba hakuwa tapeli. Alinijibu kila swali bila kukasirika. Nilimuuliza leza yenyewe ni ya aina gani, akasema dayodi. Nikauliza kama usafishaji utakuwa tofauti tusipoilipia, akasema hapana, atakwangua vilevile, sehemu zilezile, kwa muda uleule. Nikauliza tutarajie tofauti ya milimita ngapi. Akasema hawezi kuniahidi milimita.

Nikauliza kuhusu hofu ya mama. Akasema ganzi itatumika kwa vyovyote, yenye leza na isiyo na leza.

Kilichombadilisha dada yangu si miongozo ya Ulaya wala ya Marekani. Ni sukari. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kwa watu wenye kisukari, kutibu fizi kulishusha kipimo kile cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa mtu anayehangaika kushusha kipimo hicho, hiyo ni hatua ya kweli. Na msingi wa faida hiyo ni ule usafishaji wenyewe. Nikamwandikia dada: hatubani pesa ya mama, tunaihamisha. Ile ya leza ilipe safari tatu za treni na kliniki, miswaki midogo ya katikati ya meno, na vipimo vya sukari. Akakaa kimya nusu saa. Kisha akaandika: "Sawa. Lakini wewe ndiye utakayemwambia."

Nikamwambia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa darasa la sita wakieleza kwa nini hawakufanya kazi ya nyumbani. Akauliza swali moja tu: "Ungekuwa ni mdomo wako?" Nikamwambia ningefanya hivyohivyo. Akasema haya, twende.

Awamu mbili zilifanyika kwa wiki mbili. Ganzi ilimsumbua kuliko vyuma. Baada ya miezi mitatu alirudi akapimwa upya. Kutoka sehemu 64 zenye milimita 4 au zaidi, zilibaki 27. Damu ilikuwa imepungua sana. Sukari nayo ilikuwa imeshuka, ingawa hapo lazima niseme kwamba alikuwa pia ameanza kutembea kila jioni, kwa hiyo sifa zote tusizimiminie fizi.

Lile jino la nyuma bado linacheza. Kabla ya tiba kina chake kilikuwa milimita 7, sasa ni 6, na picha inaonyesha mfupa umeliwa mpaka kwenye njia panda ya mizizi yake. Daktari amesema kuna mawili, upasuaji au kuling'oa, na mama hajaamua. Dada aliniuliza kwa sauti ya chini kama leza ingeliokoa. Nilimwambia mdomo mmoja hauna kundi la ulinganishi, kwa hiyo hatutapata jibu kutoka kwa jino hilo. Kilichopo ni tafiti za watu wengi, na hizo ndizo tulizozifuata. Hakuridhika sana, nami sikutegemea aridhike. Jino ni la mama yake pia.

KAMA UMEPEWA KARATASI KAMA YETU

Kabla ya kulipa, uliza haya, na daktari mzuri hatachukia.

1. Nimepimwa kila jino sehemu 6? Naomba nakala ya namba zangu. Bila hizo huwezi kujua kama umepona.

2. Leza hiyo ni ya aina gani, na inafanya nini ambacho usafishaji haufanyi? Kama ni dayodi, ujue haiondoi ukoga mgumu.

3. Nisipoilipia, usafishaji wangu utapunguzwa? Kama jibu ni ndiyo, hapo kuna jambo. Kama leza inapewa badala ya usafishaji kamili na si nyongeza ya erbiamu inayokwangua, mimi ningeaga na kuondoka.

4. Tutapima upya lini? Ukiambiwa hakuna haja, hilo ni jibu baya kuliko yote.

5. Nitarudi mara ngapi kwa mwaka, na itanigharimu kiasi gani? Hesabu gharama ya miaka miwili, usihesabu ya siku moja.

Zaidi ya hayo, orodha ya madaktari wa meno waliosajiliwa Kenya inapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kumtafuta mtu kwa jina ni kazi ya dakika moja. Na kama fizi zako zinatoa damu kila asubuhi na huna pesa ya kliniki mwezi huu, anza leo na kile kinachofaa kwa kila njia ya tiba: mswaki laini mara mbili kwa siku bila haraka, na kitu cha kupita katikati ya meno mara moja. Halafu tafuta mtu akupime.

Leza ikija kuonyesha tofauti kubwa kwenye majaribio makubwa na marefu, nitaandika tena hapa na nitafurahi kuandika. Kwa leo naishia hapo. Wenye maswali leteni, na kama kuna daktari wa meno anayesoma hapa na ameona mahali pa kuongeza kitu, karibu sana. Wiki ijayo tunarudi kwenye simu.